Mafuta Kwenye Kioo cha Darubini

Ishmael Kathuri amefundisha fizikia kwa miaka ishirini na sita katika shule moja ya wasichana iliyo juu kidogo ya soko la Laare, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba hajui jambo. Akiulizwa swali asilokuwa na jibu lake, hukohoa kidogo, hufuta ubao ambao tayari ni safi, kisha husema, "Hilo tutalifikia wiki ijayo." Wasichana wameizoea hiyo wiki ijayo. Wanajua haimo kwenye kalenda yoyote, na wanampenda hivyo hivyo, kwa sababu hapigi mtu, hachelewi darasani, na mwaka ule vitabu vilipokosekana aliandika kitabu kizima ubaoni kwa mkono wake, sura baada ya sura, mpaka bega likamvimba.

Huyo ni Ishmael wa siku za kazi. Ishmael wa Jumapili ni mzee wa kanisa, na ndani ya koti lake la kaki hukaa kichupa cha mafuta ya zeituni yaliyotiwa manukato. Mgonjwa akizidiwa, Ishmael anaitwa. Tena pale Laare si wagonjwa peke yao wanaopakwa mafuta. Kitu kipya hakianzi kazi kabla ya kuombewa. Ameombea kinu cha kusaga cha jirani yake Vincent, matangi ya maji ya akina mama, na pikipiki zisizo na idadi za vijana wanaokimbiza miraa ifike kwa wanunuzi kabla haijanyauka. Pikipiki isiyoombewa ikigonga mti, hakuna anayeuliza breki zilikuwaje. Ishmael huchovya kidole gumba na kuchora msalaba upande wa mbele, pale ambapo kitu hicho kingekuwa na paji la uso kama kingekuwa mtu, kisha huomba kwa sauti nene. Hakuwahi kuona ugomvi wowote kati ya kidole hicho na chaki. Wala sisi hatukuuona, mpaka darubini ilipokuja.

Ililetwa mwezi wa kwanza na Kanana, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani na ambaye sasa anafundisha chuoni huko Nchiru. Shule ilikuwa ikingoja bomba refu la kubebwa na watu wawili. Kanana akashuka garini na begi la mgongoni, akatoa kitu cheupe kisichozidi chupa kubwa ya chai, na stendi ya miguu mitatu iliyo fupi kama kigoda.

"Iko wapi sasa?" akauliza Madam Mukami, mwalimu mkuu.

"Ndiyo hii, Madam."

"Na mahali pa kuchungulia?"

"Haina. Inajitafutia nyota yenyewe, inapiga picha, picha inaingia kwa simu. Inapiga moja, inaweka nyingine juu yake, na nyingine, mpaka kitu ambacho macho hayaoni kinajitokeza. Nawaachia muhula mzima."

Walikaa kwenye baraza ya labu, yaani maabara ya shule, Kanana akifundisha, Ishmael akiitikia kwa kichwa, na Joyline akiandika. Joyline ndiye anayetunza labu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mmbeere kutoka upande wa chini wa Embu kule kunakokauka, aliyeajiriwa na bodi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Haongei sana. Ana daftari la mistari, na kitu kikiingia kwenye daftari hilo hakipotei.

"Kazi kubwa inafanywa mchana," Kanana akasema. "Hapa shuleni netiweki ikiwa nzuri, mnafungua programu kwa simu na mnamaliza kila kitu inadai kupakua. Msingoje mko uwanjani kwa giza ndiyo inaanza kudai. Chaji ijae. Jioni mnaitoa nje nusu saa kabla, izoee baridi. Iwekwe kwa nyasi, si kwa simiti iliyopigwa na jua mchana kutwa, hiyo joto inafanya nyota zicheze. Mnasawazisha miguu mpaka hiki kipovu kikae katikati."

"Kama pima maji ya fundi," akasema Joyline.

"Hiyo hiyo. Halafu simu. Ukishaunganisha na waifai ya darubini, zima data. Hiyo waifai haina intaneti, kwa hivyo simu inarudi kwa data yake bila kukuambia, na wewe unabaki kushangaa darubini imeenda wapi. Ruhusu simu ionyeshe mahali mko, ndiyo darubini ijue ni mbingu gani iko juu yake. Ukiona mahali pa kuielekeza kwa nyota ya kaskazini, wachana napo. Huko Ulaya ni sawa. Sisi tuko kwa ikweta, hiyo nyota imelala chini nyuma ya miti na vilima. Utaitafuta mpaka uzeeke."

Ishmael akacheka kicheko cha mtu aliyekuwa akijua hilo siku zote. Kwa kweli ndiyo kwanza alikuwa akilisikia.

"Na kitu kikiwa juu kabisa utosini, msikifuate, darubini inashindwa kujigeuza. Kishikeni kikiwa bado kinapanda. Jua, kamwe, bila hiki kichujio cheusi. Na mwisho, hiki kioo. Mkono wa darubini ukiinuka, kioo kinabaki wazi. Msikiguse. Si kidole, si kitambaa, si shati. Vumbi kidogo haina neno. Mafuta ya ngozi ndiyo mabaya. Ikitokea kimeguswa, niiteni."

Joyline akapigia mstari maneno hayo ya mwisho. Ishmael naye aliyasikia. Baadaye angetamani sana kusema kwamba hakuyasikia, kwamba mtu alimwita, kwamba kengele ililia. Alisikia kila neno.

Wazazi walialikwa Alhamisi, saa moja na nusu jioni, siku ambazo mwezi haupo. Asubuhi hiyo kwenye paredi Madam Mukami aliiombea darubini kwa sentensi mbili akitazama saa yake, akasema amina, akaingia kwenye habari ya sare za shule. Ishmael hakuridhika. Hata ndoo mpya ingeombewa zaidi ya hapo. Lakini tusimpambe. Kilichomsumbua si heshima ya Mungu peke yake. Wazazi sitini walikuwa wanakuja, na barua ya mwaliko ilisema kwamba Mwalimu Kathuri ataongoza shughuli. Na Mwalimu Kathuri alikuwa ameijaribu ile programu nyumbani mara tatu, akashindwa mara tatu, na hakumwambia mtu. Alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote aliipeleka kwenye kile kichupa.

Saa kumi alimwomba Joyline amfungulie labu. Akafungua, akaenda zake kupanga viti uwanjani. Ishmael akabaki peke yake. Akaiwasha darubini, ikalia, mkono wake ukainuka taratibu, na kioo kikamgeukia, cheusi, kikimtazama kama mtoto anayesubiri kubatizwa. Alitazama ganda jeupe la ubavuni. Lakini nani hupaka mtu mafuta mbavuni? Akajiambia kwamba kile kioo cha nje bila shaka ni kifuniko tu, kama kile cha kulinda uso wa simu, na kioo chenyewe kiko ndani. Akalichovya dole gumba na kuchora msalaba, kutoka juu hadi chini, kushoto hadi kulia, akaomba jioni hiyo asiaibike mbele ya watu.

Watu walikuja wamejifunika mashuka na makoti, wengine na chupa za chai. Anga la Januari lilikuwa safi kuliko darasa lililopigwa deki. Zile nyota tatu zilizojipanga mstari katika kundi la Orioni zilikuwa zimepanda nusu ya njia upande wa mashariki, na kando yake kidogo ndipo lilipo lile wingu la gesi ambalo Kanana aliwaambia waanze nalo. Kaberia, mwenyekiti wa wazazi, alikaa mstari wa mbele. Simu ilikuwa imeunganishwa na ukuta mweupe wa labu kwa projekta.

Darubini ikaamka, ikageuka, ikatafuta. Baada ya dakika moja simu ikaandika kwamba haitambui nyota zozote. Wakajaribu tena. Ikakataa tena. Ukutani palikuwa na ukungu wenye madoa, punje za mahindi ndani ya uji. Wazazi wakatazama ukuta, wakatazama mbingu iliyojaa nyota, wakatazamana.

Hapo ndipo Ishmael alipoelewa. Akajifanya anaikagua darubini, akainama kwenye giza, akatoa leso mfukoni na kukisugua kioo haraka haraka. Mafuta hayafutwi kwa leso kavu. Alichofanya ni kuyasambaza yale ya katikati mpaka pembeni.

Joyline alikuwa amefungua daftari lake. Alipitia mstari mmoja mmoja kwa kidole: kipovu kiko katikati, data imezimwa, mahali pameonyeshwa, nyasi, baridi. Kisha akachukua tochi na kumulika kioo. Kiling'aa kama sufuria ya mandazi. Akainamisha uso karibu nacho na kukaa hivyo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Alipoinuka, alimtazama Ishmael.

"Ni nini?" akauliza Madam Mukami.

"Kioo kina mafuta, Madam."

"Nani ameshika kioo?"

Ishmael alikohoa.

"Darubini imekuwa labu siku nzima," akasema. "Ufunguo wa labu anao Joyline."

Kila neno la hapo lilikuwa kweli. Ukiyachukua moja moja, huwezi kumshtaki nayo. Na yote pamoja yalikuwa uongo mtupu, na yeye alilijua hilo hata kabla ya kufunga mdomo.

"Nilimfungulia Mwalimu saa kumi," Joyline akasema polepole.

"Niliingia kuangalia chaji tu," akasema Ishmael.

Basi. Yule mzee wa kanisa aliyeandika kitabu kizima ubaoni, na huyu mwanamke wa mkataba kutoka mbali. Hakuna aliyehitaji kupiga kura. Kaberia akasema watu wengine ukiwapa kitu cha thamani wanakishika na mikono ya kupikia. Mama mmoja akacheka. Joyline akazima tochi na kufunga daftari.

Kesho yake Joyline alipewa barua ya kukaa nyumbani mpaka bodi itakapokaa, wiki tatu mbele. Ishmael alimwona kwa dirisha la darasa la Kidato cha Tatu akitoka getini na begi lake. Yeye alikuwa ameandika nusu ya neno ubaoni. Hakulimalizia.

Usiku ule Kanana alimpigia simu. Tayari alikuwa ameambiwa. "Pole sana, Mwalimu," alisema. "Na vile ulikuwa umejitayarisha. Watu wengine hawajui kuchunga vitu." Angalikemewa, angalivumilia. Alipewa pole, na akaipokea. Alisema, "Asante, mwanangu," na alipoweka simu chini alienda nyuma ya nyumba, akasimama karibu na zizi la ng'ombe mpaka miguu ikafa ganzi.

Wiki ya kwanza alijiambia kwamba bodi itamsamehe Joyline, ni jambo dogo, kioo kinasafishika. Na kweli Kanana alikuja kuchukua darubini, akakisafisha huko chuoni kwa maji yake maalumu na brashi laini, akasema kimebaki na mikwaruzo midogo pembeni, ya kitambaa. Wiki ya pili aliacha kujiambia chochote. Aliitwa kumwombea bibi mmoja mgonjwa, akasema ana mafua. Hakuwa na mafua. Hakuweza tu kutoa kile kichupa mfukoni. Chakula kilimshinda, hata githeri ya mkewe yenye viazi vingi ambayo huwa anaililia. Ibadani, wakati wa kimya cha toba, alikuwa akihesabu mbao za dari ili asijisikie mwenyewe.

Kisha msichana mmoja, Kinya, akainua mkono katikati ya somo. "Mwalimu, Madam Joyline anarudi lini?"

Ishmael akakohoa. "Hilo tutalifikia wiki ijayo," akasema, na akageuka kufuta ubao safi.

Alijisikia. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alisikia jinsi sentensi hiyo inavyosikika kwa aliyekaa kwenye dawati. Hakuthubutu kugeuka kuwatazama mpaka kengele ilipolia.

Jioni hiyo alimwambia mkewe, Marcella, kila kitu. Marcella alikuwa akichambua mboga za nyeni, na hakuacha kuchambua. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Na umeniambia mimi kwa nini?"

"Wewe ni mke wangu."

"Umeniambia mimi kwa sababu mimi siwezi kukuandikia barua, Baba Kinya. Mimi si bodi, na mimi si Joyline." Binti yao mkubwa naye anaitwa Kinya, jina la nyanya. Marcella akaosha mikono. "Jumamosi kuna magari ya Embu asubuhi na mapema."

Joyline alikuwa anakaa kwa dada yake, mtaa wa Majimbo pale Embu mjini. Ishmael alifika saa saba mchana na mkate, sukari na maziwa, vitu vya mgeni wa heshima, na alijiona mjinga navyo tangu mlangoni. Joyline alikuwa anafua nje. Hakusimama upesi. Alikamua shati, akaanika, akafuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, kisha akamletea kigoda. Hakumkaribisha ndani, lakini alimwekea chai, kwa sababu mtu ametoka mbali.

Ishmael akaanza na habari za barabara. Akaingia kwenye mvua, kwamba upande wa Meru bado haijaonekana. Akauliza afya ya dada. Mtu mzima aliyefundisha kani na mwendo maisha yake yote, hakuweza kujisukuma hatua moja.

"Mwalimu," Joyline akasema, "mimi najua harufu ya hiyo mafuta."

Ishmael akaweka kikombe chini.

"Mwaka jana nikiwa na nimonia ulikuja hospitali, ukanipaka hapa." Akagusa paji la uso. "Nililala na hiyo harufu siku mbili. Nilikuwa nashukuru Mungu kwa sababu yako. Sasa ile jioni nikiweka uso kwa kioo, nikaisikia. Na kulikuwa na kipande cha msalaba kimebaki, huku juu, mahali leso haikufika."

"Ulijua saa hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo."

"Na hukusema."

"Nilisema. Nilisema nilikufungulia. Nilikupa mahali pa kuanzia, Mwalimu. Wewe ukasema uliingia kuangalia chaji. Baada ya hapo niongeze nini? Niwaambie mzee wa kanisa ndiye amepaka darubini mafuta? Wangeamini nani?"

Ishmael alitazama chai ikifanya utando. Aliona haya ya namna ambayo hakuwa ameijua, isiyokuwa ya kuogopa kugunduliwa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kugunduliwa siku zote hizo na mtu mmoja aliyemstahi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Jumatatu ataingia ofisini kwa Madam Mukami, wataongea wawili, polepole, Madam ni mtu wa kuelewa, barua itafutwa bila kelele na bodi haitahitaji kujua.

"Ulinisemea ofisini?" Joyline akauliza.

"Hapana."

"Ulinisemea wapi?"

Joyline akarudi kwenye karai lake la nguo. Ishmael alikaa pale mpaka chai ikapoa kabisa, akainywa yote ikiwa baridi, akaaga.

Wazazi waliitwa tena Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya kikao cha bodi. Kanana alirudi na darubini. Ishmael alikuwa amemtumia Joyline ujumbe mmoja tu, wa maneno manne: "Tafadhali uje Alhamisi jioni." Hakujibu ujumbe huo. Lakini saa moja na robo, wakati watu wakitafuta viti, Ishmael alimwona amesimama kando ya ukuta wa labu na sweta yake ya kijivu, mikono ameikunja kifuani.

Akasimama mbele. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, na giza likamzuia kuyasoma.

"Kabla hatujaanza," akasema. "Mimi ndiye niliweka mafuta kwa kioo. Si Joyline. Ni mimi, na haya mafuta ya maombi." Akakohoa, na kikohozi hicho kikamkasirisha, akaendelea kwa nguvu zaidi. "Niliambiwa nisiguse kioo. Nilisikia. Nikagusa. Nilikuwa naogopa hii mashini kwa sababu siijui kuitumia. Sikuwa nimewaambia kwamba siijui. Halafu nikaifuta na leso, nikaharibu zaidi. Halafu Madam akauliza hapa mbele yenu, na mimi nikamtaja Joyline. Nilimsingizia mtu. Niliwadanganya. Hakuna kingine."

Alingoja wamzomee. Alikuwa amejitayarisha kwa hilo safari yote ya kurudi kutoka Embu, na kila usiku baada yake. Kanana alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Kisha Kaberia, yule yule wa mikono ya kupikia, akasimama na kuanza kupiga makofi.

"Huyu ndiye mwanamume!" akasema. "Wangapi wanaweza?"

Wote wakafuata. Akina mama wakapiga vigelegele viwili vitatu. Mchungaji, aliyekuwa nyuma, akasema huu ni ushuhuda na Jumapili Mzee Kathuri autoe kanisani, vijana wasikie. Madam Mukami akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akatangaza kwamba ile barua imefutwa, akainua sauti: "Joyline, ebu kuja. Chukua ufunguo. Tuanze, mambo yamechelewa."

Joyline akaja, akachukua ufunguo. Akapiga magoti kwenye nyasi na kusawazisha miguu ya darubini mpaka kipovu kikatulia. Akazima data. Akainua macho, akaona zile nyota tatu zimeshakaribia utosini, akamwambia Kanana wafanye haraka kabla hazijafika juu kabisa. Darubini ikalia, ikageuka, ikatafuta, na safari hii ikapata. Ukutani pakatokea weupe hafifu, kisha kila sekunde kumi ukaongezeka kidogo, mpaka lile wingu likajitandaza lote, jekundu katikati na buluu pembeni, na wazazi sitini wakasema "aaa" kwa pamoja. Ishmael alisimama nyuma kabisa. Watu walikuwa wakigeuka kumpiga bega. Kila pigo lilimuuma. Alikuwa amemwibia mtu, akarudisha alichoiba, na sasa alikuwa akituzwa kwa kurudisha.

Saa tatu kasorobo watu walikuwa wameondoka. Kanana alikuwa garini akiongea na simu. Ishmael alianza kubeba viti kuvirudisha darasani, na Joyline alikuwa akikunja stendi chini ya taa ya baraza.

"Joyline," akasema. "Naomba unisamehe."

"Si umeshasema mbele ya watu."

"Nimewaambia wao. Wewe sijakuambia."

Akalifunga begi zipu, akainuka. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyeshinda shambani.

"Wamekupigia makofi, Mwalimu," akasema. "Wamekuita mwanamume. Mimi nimeitwa nichukue ufunguo, mambo yamechelewa. Hata mmoja hajaniuliza hizo wiki tatu nimekaa aje."

Ishmael alifungua kinywa. Kulikuwa na maneno mengi tayari, maneno ya mzee wa kanisa, ya mvumilivu na ya Mungu aonaye sirini, yote yamejipanga mstari ulimini. Akayameza yote.

"Umekaa aje?" akauliza.

Joyline alimtazama muda mrefu, akitaka kujua kama kweli anauliza. Kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza na kuanza kumwambia, tangu asubuhi ile barua iliposomwa kwa sauti mbele ya wapishi. Ishmael akasikiliza amesimama, kiti kimoja kwa kila mkono, kwa sababu hakuona kama ana haki ya kukaa.